Mwalimu, Sauti Imegoma! Wasomaji wanauliza kuhusu koo la kuimbia

Toleo lililopita tuliwaomba waimbaji mtuandikie mnavyoishi na sauti zenu, na kweli mmeandika, kwaya wamo, taarab wamo, singeli wamo, watu wa kasida wamo mpaka konda mmoja wa daladala yumo. Nimechagua barua hizi kwa sababu maswali yake yanajirudia kwenye nyingine nyingi. Karibu kila barua inaulizia dawa ya kunywa kabla ya kupanda jukwaani, ila ukisoma vizuri maelezo unakuta sauti ilishachoka tangu Jumatano, imechokea barabarani, jikoni, kwenye simu, kitandani, jukwaani imeenda kugundulika tu. Kwahiyo msishangae nikiuliza sana mambo ya nje ya kuimba.

Shikamoo Mwalimu. Mi naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu, wiki za kuelekea Pasaka tunafanya mazoezi kila jioni mpaka saa tatu usiku, sasa ikifika Jumapili yenyewe sauti haipandi, noti za juu inatoka hewa tu. Kiongozi wetu anasema tumeze yai bichi asubuhi na tutafune tangawizi mbichi. Yai linanitapisha. Nifanyeje?
*Sauti ya Kwanza, Tabata Segerea*

Marahaba mdogo wangu. Yai liache kabisa wala usijilaumu. Chochote unachomeza kinapita njia ya chakula, nyuzi za sauti zipo njia ya hewa, na kila ukimeza njia ya hewa inafungwa ili usipaliwe. Hilo yai halizigusi hizo nyuzi hata kidogo, lingezigusa ungekuwa unakohoa mpaka machozi. Juu ya hapo yai bichi linaweza kuwa na bakteria wa salmonela, ukaishia kuharisha siku ya Pasaka.

Tangawizi kidogo kwenye maji ya vuguvugu na asali haina shida, inaleta mate, koo linahisi nafuu, na kujisikia nafuu nako kunasaidia. Kutafuna kipande kikubwa kikavu kinakuunguza, na kama una kiungulia utakiongeza. Sema uelewe tu kwamba hiyo ni faraja ya koo, haiponyi nyuzi zilizovimba.

Hata maji yenyewe hayaendi moja kwa moja. Unakunywa, yanaingia mwilini, mwili ndo unalainisha nyuzi kutokea ndani, na hiyo inachukua muda. Ndo maana yule anayebugia lita nzima nje ya kanisa dakika kumi kabla ya ibada anapata haja ya kwenda chooni tu. Anza kunywa tangu asubuhi ya Jumamosi, kidogokidogo, na kwa joto la Dar la Machi na jasho tunalotoka usisubiri kiu. Angalia mkojo, ukiwa mweupe mweupe upo vizuri, ukiwa wa njano iliyokolea ongeza. Kitu kinachofika kwenye nyuzi zenyewe ni mvuke, kwahiyo nyungu mnayoijua wote inasaidia, ila iwe maji tu, usijaze dawa kali zinazochoma pua, epua kwanza sufuria kwenye moto uiache ipoe kidogo, na watoto wasiwe karibu maana watu wameungua kwa nyungu.

Sasa nije kwenye tatizo lenyewe ambalo ni ratiba yenu. Nyuzi za sauti za mwanamke zina urefu wa sentimita moja na nusu hivi, vitu vidogo sana. Ukiimba ile La ambayo mafundi wanatunia vyombo zinagongana mara 440 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara elfu 26 kwa dakika, na nyie sauti ya kwanza mnaishi huko juu. Masaa mawili matatu kila siku kwa nguvu zote, wiki mbili mfululizo, na kinanda kimefunguliwa mpaka mwisho, zinavimba. Nyuzi zilizovimba hazifungi vizuri, hewa inapita katikati, na hiyo ndo ile hewa tupu unayoisikia ukitafuta noti ya juu.

Ongeeni na mwalimu wenu wa kwaya kwa heshima mumuombe mambo machache. Siku ya kujifunza maneno, msome maneno kwa mapigo bila kuimba. Siku ya kuunganisha sauti nne, nyie wa kwanza mnaweza kuimba chini, yaani noti ileile lakini iliyoshuka, mkapanda pale tu anapotaka kusikia. Nguvu zote ziwe siku moja au mbili kwa wiki. Jumamosi ikiwezekana kusiwe na mazoezi kabisa. Nimefundisha kwaya, najua hofu ya mwalimu kwamba wakipumzika watasahau, hawasahau, na wakiamka na sauti Jumapili hiyo nyimbo yenyewe inajiimba. Na wewe Jumamosi hiyo usiende kushinda sokoni unapiga kelele kupunguziwa bei, maana nyuzi za kuongelea ndo hizohizo za kuimbia.

Niaje Mwalimu, shikamoo. Mi ni MC wa singeli huku Manzese. Sauti yangu inakwaruza karibu miezi miwili sasa, haipoi. Wana wanasema nzuri hiyo, ndo inanipa utofauti. Lakini asubuhi siwezi hata kuita mtu. Pipi kifua nimekula mpaka nimechoka. Nipe dawa kali.
*MC wa Mtaa, Manzese*

Marahaba mwanangu. Dawa kali sikupi, nakupa safari. Sauti ikikwaruza wiki tatu mpaka nne bila kurudi, mtu anatakiwa aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, sawa uwe muimbaji sawa uwe muuza genge. We uko mwezi wa pili. Anzia kituo cha afya kilicho karibu na wewe waombe rufaa, hospitali za rufaa za mkoa tunazo Amana, Temeke na Mwananyamala, na Muhimbili kuna idara ya masikio, pua na koo. Kinachofanyika sio cha kutisha, wanapitisha kamera nyembamba puani au wanatumia kioo mdomoni, wanaziona nyuzi zako zinavyocheza. Bila kuziona hakuna anayejua una nini, wala mimi, wala muuza dawa pale kona.

Inaweza kuwa vinundu, vile vinavyoota kwenye nyuzi kama sugu ya mkononi kwa sababu zimegongana sana sehemu ileile. Vinundu vingi vinapungua kwa mapumziko na kwa kufundishwa upya namna ya kuongea na kuimba, wala kisu hakihitajiki. Inaweza kuwa uvimbe wa aina nyingine. Inaweza kuwa tindikali ya tumbo. Na kwetu lazima niseme hili, kifua kikuu nacho kinaweza kukaa kwenye koo kikaleta sauti ya kukwaruza, kwahiyo kama unakohoa wiki mbili na zaidi, unapungua, usiku unalowa jasho, waambie wakupime, vipimo na dawa za TB ni bure nchini. Na kama unavuta sigara mwambie daktari ukweli, maana saratani ya koo la sauti dalili yake ya mwanzo mara nyingi ni huu mkwaruzo, na ikikamatwa mapema inatibika vizuri sana. Sisemi unayo. Nasema usikae unakisia.

Ukienda na tatizo mapema unarudi. Adele wa Uingereza mwaka 2011 alivuja damu kwenye nyuzi za sauti, akafuta ziara yake Marekani, akafanyiwa upasuaji Boston, akakaa kimya kama alivyoambiwa, na Februari 2012 akaimba kwenye tuzo za Grammy na kuondoka nazo sita. Lakini pia Julie Andrews, sauti iliyopendwa dunia nzima, alifanyiwa upasuaji New York mwaka 1997 na sauti yake ya kuimba haikurudi ilivyokuwa. Nawataja wote wawili ili ujue upasuaji upo na unasaidia lakini sio njia ya mkato, bora ukutwe na kitu kidogo cha kupumzisha kuliko kikubwa cha kukata.

Wakati unasubiri tarehe ya daktari usipande jukwaani. Najua ni hela, najua wikiendi hii kuna vigodoro viwili, lakini mkwaruzo ambao wana wanausifia ni nyuzi zinazoomba msaada. Ongea kidogo, kwa sauti yako ya kawaida na mtu akiwa karibu. Usinong'one muda wote ukidhani unapumzika, wengi wakinong'ona wanalikaza koo vilevile. Acha ile tabia ya kusafisha koo "hhhrm" kila dakika, unazigonganisha nyuzi kwa nguvu, meza mate au kunywa funda la maji. Pipi kifua zinakupoza ukahisi umepona afu unapiga kelele juu ya kidonda. Hivohivo dawa za maumivu, usimeze ili ukaimbe, na aspirini hasa inafanya damu iwe rahisi kuvuja, hiyo sio dawa ya kumeza kabla ya shoo. Ila kama kuna aliyeandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo aendelee nayo, asiguse chochote bila kumuuliza daktari wake.

Ukishapona tuongee kuhusu singeli yenyewe, maana mapigo 200 na zaidi kwa dakika hayakupi pa kuvuta pumzi, ukiandika mistari acha mahali pa kupumua na mpe mwenzako adakie baadhi ya maneno.

Mwalimu hebu tuambie ukweli. Kila siku mnatuambia sigara inaua sauti. Bi Kidude alivuta maisha yake yote na aliimba mpaka uzeeni. Sasa nani tumuamini?
*Mpenzi wa Muziki wa Zamani, Mbagala*

Swali zuri na nafurahi umemtaja. Fatuma binti Baraka, Bi Kidude wetu, alivuta hadharani na hakuficha, aliimba akiwa bibi kizee hasa, mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho makubwa ya muziki wa dunia, huko Ulaya, na alipofariki Aprili 2013 Zanzibar nzima ilimzika. Hayo yote ni kweli.

Lakini msikilize vizuri. Ile sauti yake ya uzeeni ilikuwa nzito, imechanika, ina mikwaruzo, na yeye aliibeba kwa namna ambayo hakuna mwingine angeweza, kwa ngoma aliyoifunga kiunoni, kwa maneno, kwa roho, kwa maisha aliyokuwa ameyaishi. Watu walimpenda na ile sauti iliyobaki. Ukitaka kuimba taarab ya kupanda kwa ulaini huwezi kuianza ukiwa na miaka 22 na koo la aina hiyo ukategemea kupata jina lake. Na mmoja aliyevuta akafika mbali hatufundishi lolote kuhusu wengine waliovuta, kwa sababu wale waliopoteza sauti mapema hatuwajui, hawakurekodiwa, walirudi nyumbani.

Moshi ni moto na sumu vinapita katikati ya nyuzi zilezile, zinakauka, zinavimba, mtu anashuka sauti bila kutaka, na saratani ya koo uvutaji ndo kisababishi chake kikubwa. Shisha ni moshi pia, maji ya kwenye chupa hayauoshi. Na kuna moshi ambao hamuuhesabu, bendi nyingi hapa mjini zinapangwa pembeni ya jiko la nyama choma, muimbaji anavuta ule moshi usiku mzima wakati anavuta pumzi kubwakubwa kuliko mtu yeyote pale ukumbini. Mwambieni mwenye baa asogeze jiko au asogeze jukwaa. Hiyo ni haki yenu kazini.

Salaam Mwalimu. Naimba taarab kwenye maharusi, tunamaliza saa saba saa nane usiku, narudi nyumbani na njaa nakula ndo nalala. Asubuhi koo lina makohozi mazito, mdomo mchungu, sauti kama ya mwanaume mpaka saa sita mchana. Nimetumia antibayotiki mara kadhaa haisaidii. Sina mafua.
*Dada wa Maharusi, Magomeni*

Wa alaykum salaam dada yangu. Antibayotiki zinaua bakteria na kwa maelezo yako sidhani kama unao, kwahiyo acha kununua. Unavyoeleza, makohozi ya asubuhi, uchungu mdomoni, sauti nzito inayojifungua kadri mchana unavyokwenda, vinafanana sana na tindikali ya tumbo inayopanda ukiwa umelala. Wengi wanadhani lazima kifua kiungue ndo kiwe kiungulia, hapana, mwingine haungui kabisa, inafika kooni kimyakimya inachoma nyuzi za sauti usiku kucha.

Fikiria siku yako ya kazi ilivyo. Hujala jioni kwa sababu ya kujipamba na foleni, umevaa mkanda wa kubana tumbo ili gauni likae, umeimba masaa manne kwa nguvu za tumbo, saa nane usiku unakula pilau na pilipili au chipsi mayai na soda baridi, nusu saa baadae umelala chali. Tumbo limejaa, halafu limelala sawa na koo.

Chakula kikubwa kile saa kumi au kumi na moja jioni kabla hujatoka. Beba kitu chepesi cha katikati, ndizi mbivu, kipande cha mkate, tende. Ukirudi kama njaa inauma sana kunywa uji mwepesi, kidogo, na ukae. Kati ya kula na kulala kuwe na masaa mawili au matatu. Kitanda kiinue upande wa kichwa kwa matofali chini ya miguu, sentimita 15 mpaka 20, kurundika mito hakusaidii maana unakunja tumbo tu. Lalia ubavu wa kushoto. Mkanda vaa uliolegea, mashabiki wanataka kukusikia. Vyakula vinavyokusumbua utavijua mwenyewe, wengine pilipili, wengine nyanya, wengine ukwaju, wengine kahawa, acha kimoja wiki moja uone. Chai ya kawaida asubuhi sina ugomvi nayo.

Ukifanya hivi mwezi na hakuna mabadiliko nenda kwa daktari wa koo, nilivyomwambia kijana wa Manzese hapo juu.

Mwalimu mi ni konda, njia ya Gongo la Mboto. Jumapili naongoza sifa kanisani. Jumatatu mpaka Jumamosi naita abiria kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Siwezi kuacha kazi. Nisaidie.
*Konda Mwenye Wito*

Kazi usiache, watoto wanakula kwa hiyo kazi. Tupunguze makelele tu.

Mwaka 1911 daktari mmoja wa Ufaransa anaitwa Étienne Lombard alionyesha kwamba mtu akiwekewa kelele masikioni anapandisha sauti bila kujijua, na kelele ikizimwa anashusha, nako hajijui. Hicho kinakupata wewe kutwa nzima. Injini, honi, muziki wa ndani ya gari, wapiga debe wengine, unajiona unaongea kawaida kumbe unapayuka. Kwahiyo cha kwanza mwombe dereva apunguze muziki, hiyo peke yake itakuokoa sana kwa sababu hata kuomba nauli unaomba kwa kelele. Cha pili, kila kinachoweza kusemwa na mkono kisemwe na mkono. Kugonga bodi kwa dereva unagonga tayari, ongeza kibao cha njia mbele kinachosomeka, onyesha kwa vidole. Ukiita, ita kwa mafungu mafupi, "Gongo! Gongo!", sauti ya katikati sio ya juu, geuza uso kwa abiria badala ya kupindisha shingo ukiwa unaning'inia mlangoni, kisha nyamaza mpaka gari lifike kituo kingine. Vumbi na moshi wa magari vaa barakoa mkiwa mwendoni. Chupa ya maji iwe kwenye gari na unywe, najua unakwepa kwa sababu choo hakuna njiani, basi panga kunywa mnapokaribia kugeuza.

Hiyohiyo ya Lombard ipo kanisani kwako. Kama spika zote zinaangalia waumini na wewe hujisikii, utapayuka Jumapili nzima na mabaki ya sauti uliyonayo. Mwombe fundi mitambo akuwekee spika inayokuangalia wewe, hata ndogo. Ikikosekana ziba sikio moja kwa kidole kidogo, utajisikia kutokea ndani na utashangaa unavyoshuka. Maiki isogeze karibu na mdomo, imewekwa ili ifanye kazi badala yako. Mkesha wa Ijumaa waachie wengine waongoze, wewe pokea.

Asalaam alaykum. Sisi tunasoma kasida na Ramadhani ndo mialiko inakuwa mingi. Maji mchana hakuna. Tufanyeje?
*Kikundi cha Madrasa, Temeke*

Wa alaykum salaam wanangu. Mialiko ya baada ya tarawehe ikubalini, ya alasiri mkiweza ombeni isogezwe, maana saa kumi ndo koo limekauka kuliko wakati wote. Maji yagawanyeni kuanzia futari mpaka daku, glasi moja moja, msiyaweke yote kwenye daku yakapotea asubuhi. Futari msianze na vitu vya kukaanga vya mafuta mengi mkaenda kusoma moja kwa moja. Mchana ongeeni kidogo, kaeni kivulini, na feni isilale inapuliza usoni usiku kucha maana mnaamka midomo mikavu. Mazoezi ya dufu yafanyeni mchana, ya sauti usiku.

Mwalimu mwanangu wa kiume ana miaka 13, alikuwa anaimba kwaya ya watoto vizuri sana. Sasa sauti inaruka, mara juu mara chini, wenzake wanamcheka na mwalimu wake anamlazimisha abaki sauti ya kwanza kwa sababu ndo alikuwa tegemeo. Amesema anaacha kuimba.
*Mama wa Kinondoni*

Mama, hili limenigusa kwa sababu tumepoteza waimbaji wengi wa kiume hapa hapa. Mtoto hana ugonjwa. Anabalehe, koo la sauti linakua na nyuzi zinarefuka na kuwa nene ndani ya muda mfupi, na misuli inayoziongoza bado haijazoea ukubwa mpya, ndo maana sauti inamkatikia katikati ya neno. Mara nyingi inatulia ndani ya mwaka mmoja au miwili, ikiwa imeshuka hatua nane hivi kutoka pale ilipokuwa.

Kuimba aendelee. Kukaa kimya kabisa hakuhitajiki, kinachohitajika ni aimbe zile noti chache zinazotoka kirahisi, hata zikiwa tano. Leo zipo hapa mwezi ujao zimehama, afuatane nazo. Kumlazimisha sauti ya kwanza ni kumfundisha kukaba koo, na tabia hiyo ataibeba ukubwani. Nenda mwenyewe ukaongee na huyo mwalimu, mwombe ampe sauti ya tatu isiyopanda sana, au ampe ngoma, au kinanda, au kuongoza wadogo, ila asitoke kwenye kundi. Nyumbani msimcheke. Kaka na wajomba wamwambie na wao ilikuwa hivohivo.

Nina pumu, natumia inhela ya kuzuia kila siku. Sauti imekuwa ya kukwaruza kidogo. Niiache msimu wa matamasha?
*Sauti ya Pili, Kigamboni*

Usiiache. Nakuomba sana usiiache. Zile za kuzuia zinaweza kuleta mkwaruzo kwa sababu dawa inabaki kooni, kwahiyo kila ukimaliza sukutua mdomo na koo kwa maji uteme, na muulize daktari kuhusu ile chupa ya plastiki inayounganishwa na inhela, inafanya dawa nyingi iende kwenye mapafu badala ya kugota kooni. Ikiendelea yeye anaweza kukubadilishia aina. Pumu ikikubana jukwaani hakuna sauti ya kuokoa tena.

Mwalimu nimepanga chumba Sinza, ukuta mmoja na majirani. Kila mtu anasema pasha sauti kabla ya kuimba, mi nikipasha watu wanagonga ukuta. Nipashie wapi?
*Mpangaji, Sinza*

Pashia hapohapo, na mrija. Chukua mrija wa kawaida wa soda, weka mdomoni, ziba midomo vizuri hewa isitokee pembeni wala puani, afu toa sauti ya "uuu" kupitia ndani ya mrija. Noti moja ya katikati kwanza, kwa utulivu. Kisha teleza kutoka chini kwenda juu na kurudi, kama king'ora kinachopita mbali. Baadae imba wimbo wako mzima bila maneno ndani ya mrija huohuo. Kwa sababu tundu ni dogo hewa inarudisha msukumo nyuma, huo msukumo unazisaidia nyuzi zisigongane kwa nguvu, kwahiyo unazifanyisha kazi bila kuziumiza. Wataalamu wa sauti wanautumia kwa wagonjwa na kwa waimbaji wakubwa vilevile.

Ukitaka zaidi chovya ncha ya mrija kwenye glasi yenye maji, sentimita mbili tatu tu, utoe sauti mpaka mapovu yatoke sawasawa bila kukatika. Mapovu yakikatika ujue pumzi yako haijatulia. Mabega yasipande ukivuta pumzi, mbavu na tumbo ndo vifunguke. Dakika tano mpaka kumi zinatosha. Bila mrija unaweza kutetemesha midomo "brrr" au kuvuma "mmm" mdomo ukiwa umefungwa, ila hivyo viwili majirani wanaweza kuvisikia kidogo.

Na fanya tena dakika mbili tatu ukimaliza kuimba, ukishuka kutoka juu kwenda chini taratibu, kabla hujaanza kupiga stori na watu nje. Hapo kwenye stori za baada ya shoo, ukumbi bado una kelele na wewe umechoka, ndo wengi wanaumia. Salimia, shukuru, toka nao nje kwenye utulivu muongelee huko.